Kilichokuwa Kinalia Darini

Mlio wa kwanza Severina aliusikia jioni moja mwanzoni mwa Juni, akiwa sebuleni kwenye cherehani yake anashona sketi za shule. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, ta!, kama mtu anayevunja kuni kwenye goti, na ulitoka juu ya chumba cha kulala. Akaondoa miguu kwenye pedali, akasikiliza. Mumewe, Anyelwisye, alikuwa kwenye kochi akisahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa sekondari pale Mbalizi, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alisema kabla hajaulizwa.

"Bati hilo. Jua likishuka linapoa, linajikunja. Ni kawaida."

Severina akasema "haya", akaendelea kushona. Ila kuna kitu kilimkaa kichwani hata baada ya kupakua chakula na kuosha vyombo. Mumewe hakuinua macho. Mtu akisikia kitu kimevunjika nyumbani kwake, hata kama anakijua, huinua macho.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya. Walihamia Januari, Anyelwisye alipopata uhamisho kutoka Iringa. Aliyeijenga alikuwa Gerson, mdogo wake Anyelwisye, fundi anayejulikana Mbalizi nzima kwa kuta zake zilizonyooka. Severina hakuiona ikipauliwa. Novemba ile baba yake, mzee Clement, alifariki kule Ilula, naye akabaki na mama yake hadi Krismasi ikapita. Lakini paa lile alilihesabu kuwa lake kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, kwa sababu mbao zake zilitoka kwa baba. Mzee alikata paini za shambani kwake mwenyewe, akazipasua, akazipanga bandani kwa kuachanisha ili upepo upite katikati, akaziacha miaka mitatu. Ncha za kila ubao alizipaka rangi ya bluu iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa la kigango, ili mwizi ajue zina mwenyewe. Oktoba, mwezi mmoja kabla ya kufa, alizipakia kwenye lori kwenda Mbalizi huku akimwambia dereva, "Hizi hata tembo akizikalia hazipindi."

Mlio ulirudi kesho yake, na keshokutwa. Ulikuja saa nne asubuhi, jua likishika paa, ukaja tena jioni baridi ikianza kushuka. Baada ya wiki mbili ukaongezeka mwingine, mrefu na mzito, kama mkokoteni uliozidiwa mzigo. Mlango wa chumba cha kulala ukaanza kukwama juu. Juu ya fremu ukatokea ufa mwembamba kama uzi. Severina alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaweka alama pale ufa ulipoishia. Siku ya tisa ufa ulikuwa umeipita alama kwa upana wa kidole.

"Nyumba mpya lazima ikae," Anyelwisye alisema alipoonyeshwa.

"Jana ulisema panya."

"Na panya wapo."

"Juzi ulisema upepo."

"Mama Yusta, Mbeya hii ardhi yenyewe inatikisika, wewe hujui? Kila nyumba ina ufa."

Kila jibu lilikuwa na maana likisimama peke yake. Wingi wao ndio uliomtia Severina wasiwasi. Alifahamiana na mwanaume huyu miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumwona akitoa sababu tano kwa jambo moja. Kwa kawaida hata sababu moja ilikuwa shida kumtoa mdomoni.

Kisha siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta kifuniko cha darini, kile cha kwenye korido, kimepigiliwa misumari. Sita, mipya, inang'aa.

"Panya walikuwa wanashukia hapo," mumewe alisema.

Severina alizunguka na ufagio nyumba nzima, chini ya vitanda na nyuma ya magunia ya mahindi. Hakupata hata kinyesi kimoja cha panya. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza vitu viwili kwa pamoja, dari na mumewe. Akagundua kwamba mlio ukikaribia saa yake, Anyelwisye huongeza sauti ya redio.

Jirani yao Apolonia ndiye aliyempa pa kuanzia, na alifanya hivyo bila kukusudia. Alikuja kuchukua blauzi yake, akasimama kibarazani akipima mikono, na mlio ukapiga juu.

"Nyumba yenu inalia," alisema.

"Bati," Severina akajibu, akajisikia vibaya kwa kulisema lile neno.

"Bati gani hilo? Hiyo ni mbao, shoga yangu. Nami nilishangaa ile Novemba. Mbao nzuri zile zimepakwa rangi, zimekaa hapa wiki tatu, asubuhi moja naona lori dogo, kenta, linazipakia zinaondoka. Nikasema labda mmeahirisha kupaua."

Severina aliweka mkasi mezani. "Kenta la nani?"

"Mimi sijui la nani. Yule shemeji yako fundi ndiye alikuwa juu anapokea. Na mtu mwingine ndani ya kabini, sikumwona vizuri."

Huyo mtu wa kwenye kabini Severina hakumfikiria hata kidogo. Kichwa chake kilikimbilia kwa Gerson moja kwa moja, na kila kitu kikapata nafasi yake. Mafundi na mbao za watu, nani asiyejua? Mwenye nyumba yuko msibani, mume wake yuko Iringa anafunga virago vya uhamisho, fundi kabaki peke yake na mali. Na huyu Anyelwisye anajua, akawaza, ila anamficha mdogo wake. Ndiyo maana ya redio. Ndiyo maana ya misumari.

Angeweza kumwita Gerson kando. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo. Lakini hasira ilikuwa imekaa siku nyingi mno, na ilipotoka ilitoka mahali pabaya. Jumapili ya pili ya Julai binti wa Gerson alipata kipaimara. Watu walijaa uani, wifi zake Severina wanapakua wali, majirani wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Gerson alipita akiwa na birika la maji ya kunawa, akafika kwa Severina.

"Karibu shemeji, nawa."

"Nitanawa," Severina alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kwanza niambie mbao za baba yangu ulimuuzia nani."

Waliokaa kwenye mabenchi wakageuka. Hata wale wa kwenye masufuria waligeuka. Gerson alibaki ameinamisha birika, maji yakimwagika ardhini. Hakumtazama Severina. Alimtazama kaka yake, aliyekaa kiti cha pili, na Anyelwisye alikuwa anatazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu.

"Shemeji," Gerson alisema mwishowe, "leo ni siku ya mtoto."

Akapita, akaenda kumnawisha mtu wa pili. Severina akasema moyoni, naam, mwizi hukwepa.

Njiani kurudi alitegemea ugomvi. Mwanaume gani mke wake anamwita mdogo wake mwizi mbele ya mji mzima, naye asiseme neno? Anyelwisye alitembea mikono nyuma mpaka walipokaribia nyumbani.

"Tuyaache," alisema tu. "Ni ndugu."

Hapo ndipo Severina alipoanza kuhisi kwamba amekosea mahali, ingawa hakujua ni wapi. Asubuhi, mumewe alipokwenda kazini, alimpigia simu fundi Kalinga.

Kalinga ndiye aliyepasua mbao za mzee Clement. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, mzee mfupi mwenye vidole vilivyopungua kimoja. Miezi ile alikuwa Chunya, akijenga mapaa ya mabani ya kukaushia tumbaku. Alisema Alhamisi anarudi kwao, atapitia. Akafika saa tatu asubuhi, vumbi jekundu la Chunya bado limo kwenye kola ya shati, na mfuko wa vifaa begani.

"Kamwene, binti ya Clement," alisema. "Nionyeshe."

Walikaa kwanza. Severina alimpa chai, na Kalinga akainywa taratibu, kichwa kakiinamisha upande. Saa nne ilipopita kidogo mlio ukaja, ta!, na nyuma yake ule mrefu wa kukokota. Mzee akaweka kikombe chini.

"Hiyo si mbao ya baba yako. Mbao ya baba yako haina sauti."

Aling'oa misumari sita ya kifuniko kimoja kimoja, akaipanga juu ya stuli, akapanda ngazi na tochi mdomoni. Severina alisimama chini akisikia magoti yake yakitambaa juu ya silingi bodi. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nyusi, na alikuwa hatabasamu.

"Ni mbao za milingoti, ile mikaratusi," alisema. "Imepasuliwa leo, ikapandishwa kesho. Mlingoti mbichi ukifungwa juu, masika unatulia, kiangazi ukianza kukauka unajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Misumari imechomoka. Kenchi, ile pembetatu ya mbao inayobeba paa, ya juu ya chumba chenu mguu wake umeteleza ukutani, umebaki hivi." Akaonyesha vidole viwili. "Ndiyo inayosukuma ule ufa."

"Na za baba?"

"Hamna hata moja. Nimetafuta bluu mpaka macho yameuma." Akafuta uso. "Chumba kile msilale tena, mama. Sikutishi. Upepo mmoja wa Agosti unatosha."

Kabla ya kuondoka alikata mirunda miwili, nguzo za miti, kwenye kichaka nyuma ya nyumba, akaisimamisha chumbani chini ya kenchi ile, akaikaza kwa kabari. Severina alihamisha magodoro hadi sebuleni, kisha akafunga kitenge kiunoni na kwenda kwa Gerson. Hakuchukua hata mkoba.

Alimkuta mjengoni, anaosha mwiko na karai. Safari hii hakupiga kelele. Alimweleza yote aliyoyasema Kalinga, polepole, kama mtu anayesoma.

"Ni kweli," Gerson alisema. "Nilipaua kwa milingoti mibichi."

"Kwa nini?"

"Mimi ni fundi, shemeji. Fundi analetewa mbao, anapandisha. Nilisema zisubiri. Nikaambiwa zitakauka zikiwa juu."

"Uliambiwa na nani?"

Gerson akaendelea kusugua mwiko, ingawa ulikwisha kuwa safi. "Umeniita mwizi mbele ya binti yangu, siku ya kipaimara chake. Nilikuwa na maneno ya kujibu pale pale. Sikuyasema, na sasa pia siyasemi. Lakini wewe tangu mhamie huku umeshafika Tukuyu?"

"Sijafika."

"Nenda."

Severina alisimama pale, na jambo moja likamjia ambalo hakuwa amelipa uzito. Pasaka alitaka kwenda Tukuyu kumsalimia mama mkwe wake, Anyelwisye akasema barabara imeharibika kwa mvua, mama atakuja mwenyewe. Mei alitaka tena, akaambiwa mama ana wageni. Juni, mama yuko kwa dada yake Kyela. Sababu, sababu, sababu.

Jioni Anyelwisye aliikuta mirunda chumbani, akasema mafundi hupenda kutisha watu, akalala sebuleni. Ijumaa alipanda basi dogo la asubuhi, Kosta. Hakumwambia mtu. Kutoka barabara ya lami hadi kwa mama mkwe ni mwendo wa robo saa katikati ya migomba, na nyumba huioni mpaka uwe umeifikia. Aliifikia. Bati lilikuwa jipya. Chini ya bati, kuzunguka nyumba nzima, ncha za mbao zilikuwa zimejipanga moja baada ya nyingine, za bluu.

Alishika mgomba uliokuwa karibu naye. Kitu cha kwanza alichokifikiria ni mkono wa baba yake na brashi, na jinsi alivyokuwa akitoa ulimi nje kidogo anapopaka ili asichafue. Akalia palepale, kimyakimya, hadi aliposikia anaitwa.

"Mwe! Mama Yusta! Mbona umesimama nje kama mgeni?" Mama mkwe wake, bibi Tusajigwe, alikuwa mlangoni na jembe mkononi, uso wote furaha. "Pita, mwanangu, pita. Umeona nyumba yangu? Novemba upepo uliniezua nikabaki naangalia nyota. Mvua siku tatu juu ya kitanda. Mwanangu Anyelwisye akaja na kenta, mbao kanunua nzuri hivi, na Gerson akapaua siku nne. Watu wanakuja kuziangalia."

Severina aliingia. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo aliziona zote kutoka kwenye kigoda, zimenyooka, hazina hata alama ya kupinda. Alikula ndizi alizopewa. Alijibu habari za Yusta aliyekuwa bweni. Hakusema kitu kuhusu mbao, kwa sababu kila alipofungua mdomo alimwona mama huyu amelala chini ya mvua siku tatu. Alipoaga aliona kipande kifupi cha ubao kinachozuia mlango usijifunge na upepo, kimepakwa bluu upande mmoja.

"Mama, naomba hiki."

"Hicho? Chukua tu, mwanangu. Cha kuzuia mlango hakikosekani."

Anyelwisye aliporudi kazini jioni alikuta kipande kile juu ya madaftari yake. Alikaa chini kabla ya kuvua koti.

"Umefika Tukuyu," alisema.

"Nimefika."

Redio haikuwashwa. Juu ya chumba mlio ukapiga, na safari hii aliinua macho.

"Ulikuwa msibani," alianza. "Mama ananipigia, nasikia mvua ndani ya simu. Mbao ziko hapa. Ningekupigia nikuambieje? Baba yako hata wiki hajamaliza kaburini, unalia, halafu nikuombe mbao zake?"

"Ungeniomba ninalia. Ningekupa ninalia." Severina alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Kwani mimi ningesema mama akae mvuani? Unanifahamu hivyo?"

"Nilidhani nitanunua nyingine kabla hujarudi. Nikapata milingoti tu. Gerson akanikataza. Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba."

"Na ulijua inalia nini tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Ukanilaza chini yake."

Anyelwisye alikigeuza kile kipande mezani, upande wa bluu chini. 

"Hayo yote nitayameza," alisema. "Lakini ile Jumapili ulikaa kiti cha pili, unanisikia namwita mdogo wako mwizi. Neno moja tu lilitosha. Ukala wali."

Anyelwisye alifunika uso kwa mikono miwili. Severina hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye misiba ya kwao. Hakumwendea. Alichukua mto wake, akaenda kulala chumba cha Yusta, upande ule wa nyumba ambao Kalinga alisema hauna tatizo.

Jumamosi Anyelwisye alikwenda kwa Gerson, akatoka huko kwenda Tukuyu. Kile alichomwambia mama yake, Severina hakukisikia, lakini aliyaona matokeo yake. Jumanne bibi Tusajigwe aliteremka getini na kikapu cha ndizi, na hata kabla ya salamu alisema, "Njooni mkaezue. Chukueni zenu. Nimemaliza miezi minane nasali chini ya mbao hizo nikimshukuru mtu ambaye siye."

"Zikae, mama," Severina alisema. "Baba angekupa mwenyewe. Ila mshukuru yeye."

"Clement," mama mkwe akasema kwa sauti, kama anayejifunza jina. "Sawa. Clement."

Kalinga alileta mbao kavu kutoka Kilolo mwishoni mwa Agosti. Lori lilipofika, Severina alipita ubao kwa ubao, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, na Kalinga akamwacha afanye hivyo bila kumcheka. Kalinga na Gerson waliezua upande wa chumba, wakashusha milingoti iliyopinda kama upinde. Anyelwisye ndiye aliyeibeba hadi nyuma ya nyumba, mmoja mmoja, likizo yake yote.

Gerson alikuwa amekubali kuja kwa sharti moja. "Ulinisema mbele za watu," alimwambia shemeji yake. "Nisafishe mbele ya hao hao." Kwa hiyo siku ya kupandisha kenchi Severina alipika, akawaita wifi zake wote, Apolonia na wale majirani wa mabenchi, na binti wa kipaimara akakaa mbele. Alisimama. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yakampotea yote.

"Gerson hakuiba," alisema. "Nilisema uongo juu yake. Alinyamaza ili asimwaibishe mtu mwingine, na mimi nikakichukua kile kimya nikakifanya ushahidi. Nisamehe, shemeji. Na wewe, mwanangu, nisamehe, niliharibu siku yako."

Watu waligeuza shingo kutafuta huyo mtu mwingine ni nani. Anyelwisye akasimama nyuma kabisa, penye mlango, akasema, "Ni mimi," na akaeleza, kwa kifupi, kwa ile sauti yake ya darasani. Wifi mmoja akaguna. Binti wa Gerson alimtazama baba yake mkubwa muda mrefu, kisha akaenda kumletea baba yake maji ya kunawa.

Waliingia tena chumbani Septemba, ukuta umezibwa na kupakwa rangi. Hawakuachana, ingawa miezi miwili ile kuna siku Severina aliifikiria Ilula kwa dhati. Mpaka leo akimuuliza mumewe jambo na akajibiwa haraka, humuuliza mara ya pili. Anyelwisye haoni vibaya. Huweka kalamu chini, akafikiri, akamjibu tena.